Kuipamba Nyumba ya Adui

Tulimwacha juu ya ngazi, na chini ya ngazi kulikuwa na sauti ya mwanamume.

"Wewe, shuka. Vua hiyo barakoa nikuone."

Kwa msomaji ambaye gazeti lake la wiki jana liliishia kufungia sabuni kabla hajalisoma, nakupa kwa ufupi. Mwanamke aliye juu ya ngazi tunamwita Fundi. Kazi yake ni kuzipamba nyumba zinazouzwa. Anaziba nyufa, anapaka rangi, anaingiza makochi yake ya kukodisha, anatundika mapazia, mpaka mnunuzi akiingia anajiona ameshahamia.

Siku moja dalali akampigia simu, akampa kazi na funguo. Fundi alipofika getini, aliitambua. Ilikuwa nyumba aliyoijenga baba yake. Ndiyo nyumba ambamo Baba Mkubwa, kaka wa marehemu, aliwatoa yeye na mama yake miaka kumi na tano iliyopita, vyombo vikatupwa uani, marehemu hajatimiza hata mwezi kaburini.

Hakuikataa kazi. Aliipokea kwa mikono miwili, kisha akamwaga kilo nne za chumvi ndani ya ndoo ya plasta.

Ukuta uliopigwa plasta yenye chumvi haukai. Unatoka jasho, unavimba, unabanduka vipande vipande kama ngozi ya mgonjwa. Mimi hadithi siitii chumvi. Chumvi ilikuwa ndooni, na ndoo ilikuwa mkononi mwa Fundi, sauti ilipomfikia.

Alishuka ngazi taratibu. Akaiweka ndoo chini. Akavua barakoa.

Mbele yake alisimama Baba Mkubwa mwenyewe, shati limenyooshwa pasi, funguo za gari zinazunguka kidoleni. Nyuma yake, hatua mbili kama ilivyo kawaida yake, alisimama mkewe, Mama Mkubwa, mkoba kifuani.

"Shikamoo, mzee," Fundi alisema.

Baba Mkubwa alimtazama. Miaka kumi na tano Fundi alikuwa akiyapanga maneno ya siku hii, siku ambayo mtu huyu angemtambua na kurudi nyuma hatua moja kwa hofu.

"Marahaba. Kumbe mwanamke," Baba Mkubwa alisema. "Dalali hakuniambia."

Basi. Macho yake yalikuwa yameshahamia ukutani.

Hakumjua. Mtu huyu alikula mezani kwao kila Jumapili. Fundi, akiwa msichana wa shule, ndiye aliyempelekea glasi ya maji, na kila Jumapili aliipokea glasi bila kumwangalia aliyeishika. Sasa Fundi alielewa. Huwezi kuisahau sura ambayo hukuwahi kuitazama.

Angepigwa kofi lingemuuma kidogo kuliko hivyo.

"Sikiliza," Baba Mkubwa alisema, akitembea huku na huku. "Ule unyevunyevu wa jikoni ufunike na rangi. Ule ufa wa chumba cha nyuma, usihangaike nao, sogeza kabati mbele yake. Wanunuzi wanakuja Jumamosi saa nne. Na mama yangu mzazi namleta siku hiyo hiyo aje kuweka dole gumba. Kiwanja kiko kwa jina lake. Mimi nataka akute kumependeza, afurahi, aweke dole, aondoke. Sitaki maswali."

"Huo ufa si bora uzibwe tu," mkewe alisema kwa sauti ndogo. "Mtu akilisogeza kabati..."

"Nani amekuuliza wewe? Nenda ukakae garini."

Mama Mkubwa hakubisha. Aligeuka kwenda. Lakini alipofika mlangoni alisita, akamtazama Fundi kuanzia viatu vilivyojaa rangi kupanda juu, polepole, mpaka macho yake yakatua chini ya sikio la kushoto. Hapo Fundi ana doa la kuzaliwa, jeusi, kubwa kama punje ya harage.

Mama Mkubwa alilitazama doa. Kisha akaenda garini.

Gari lilipoondoka, Fundi alikaa juu ya ndoo tupu iliyogeuzwa na kushika kichwa. Amejulikana au hajajulikana?

*

Mchana ule ule alikwenda kwa mama yake.

Mama anakaa chumba kimoja cha kupanga, mlango unatazama bomba la maji. Cherehani iko chini ya dirisha, kitanda kiko nyuma ya cherehani, na maisha yake yote mengine yako chini ya kitanda. Ni mwanamke mpole. Majirani wakigombana humwita awapatanishe. Watoto wakilia hupelekwa kwake.

Kwa hiyo Fundi alijua atakachoambiwa. Ataambiwa asamehe, aiache kazi, amwachie Mungu. Alikuwa ameshatayarisha majibu njiani.

"Mama, nimepata kazi ya kupamba nyumba."

"Vizuri. Nyumba ipi?"

"Ile."

Cherehani ilinyamaza.

Fundi alieleza yote bila kuficha. Dalali, funguo, ndoo, chumvi, Baba Mkubwa aliyemtazama asimjue. Mama alisikiliza huku mguu wake bado uko kwenye pedali, umetulia.

"Umetia chumvi kiasi gani?" Mama aliuliza.

"Kilo nne."

"Imwage."

"Mama, yule mtu alikutoa nje na..."

"Imwage, nimesema. Huo ukuta ukibanduka ataumia nani? Ataumia mnunuzi, mtu ambaye hajanikosea kitu. Yeye atakuwa ameshauza na kuondoka zake. Hicho ni kisasi cha kitoto."

Mama alikata uzi kwa meno, akautema pembeni.

"Umesema Bibi yako anakuja? Una hakika?"

"Jumamosi saa nne. Anakuja kuweka dole."

"Basi chukua karatasi uandike."

Msomaji, nilikuwa sijakuambia jambo moja kuhusu mama huyu, kwa sababu hata binti yake alikuwa halijui.

"Siku ile ananitoa," Mama alisema, "shemeji alinisomea barua pale uani. Akasema imetoka kwa mama yake, kaandikiwa na mtu. Kwamba mama mkwe hataki kuniona tena maisha yake yote, eti mimi ndiye mkosi uliomuua mwanawe. Niliamini. Mkwe akikataliwa na mama mkwe, atalalamika wapi? Nikafunga mizigo. Mwaka jana nikakutana sokoni na jirani yake Bibi. Unajua aliniambia nini? Kwamba Bibi hakumwagiza mtu aandike barua yoyote. Yeye aliambiwa nilikimbia na mwanamume, nikaiacha nyumba wazi na kaburi bichi."

"Mwaka mzima hukuniambia."

"Ungefanya nini? Ungetia chumvi."



"Ningekwenda kwa Bibi ningesema nini?" Mama aliendelea. "Yangekuwa maneno yangu mbele ya maneno ya mwanawe. Mimi sitaki aambiwe. Nataka aone kwa macho yake. Nataka aingie mlangoni akute nyumba ya mkwe wake kama alivyoiacha, kila kitu mahali pake, halafu huyo mwanawe asimame hapo hapo atafute uongo wa kumweleza. Mbele ya watu. Andika."

Na Fundi akaandika.

Mlango wa mbele ni wa buluu, lakini si buluu ya dukani. Ni kopo la buluu, kijiko kimoja cha kijani, na nyeusi kidogo kwa ncha ya kijiti. Kuta za sebuleni, rangi ya siagi. Kochi lielekee dirishani, lisielekee mlangoni, maana marehemu alipenda kuona nani anapita barabarani. Maua kwenye makopo ya maziwa dirishani, makopo manne, la mwisho liwe limebonyea. Rafu za jikoni zitandikwe magazeti yaliyokatwa mapambo pembeni. Nje ya mlango wa nyuma kuwe na kiti cha matofali, kimejengwa kuelekea ukutani.

"Kuelekea ukutani? Nani anakaa akitazama ukuta?"

"Bibi yako. Alikuwa akichambua mchele hapo asubuhi wewe ukiwa shule, na jua lilikuwa linamchoma macho. Baba yako alimjengea hivyo."

Kisha Mama aliinuka, akakiendea kitanda chake, akavuta shuka la juu. Lilikuwa zito, jeupe lililopauka, na upindo wake wa chini ulikuwa mwekundu.

Halikuwa shuka. Lilikuwa pazia la sebuleni.

"Kitambaa kilinipungukia nikilishona," Mama alisema. "Bibi yako akanipa gauni lake jekundu, akaniambia kata uunge hapo chini. Alinikuta nalia, akaniambia upungufu wa kitambaa haujawahi kumuua mtu." Alilikunja pazia mara mbili, akampa bintiye. "Nimelilalia miaka kumi na tano. Nenda ukalitundike."

"Hutakuja Jumamosi?"

"Nikiingia pale nitalia. Sitaki anione nikilia, yule. Sitampa hilo."

Fundi alitoka na pazia kwapani. Alikuwa amekwenda kwa mama yake na kisasi cha ndoo moja. Alirudi na kisasi cha nyumba nzima.

*

Ijumaa alifanya kazi ya watu wanne.

Plasta ya chumvi aliifukia shimoni nyuma ya choo. Akapiga msasa, akafuta vumbi, akapaka. Mlango aliuchanganyia rangi mwenyewe, akijaribu kwenye kipande cha ubao. Mara ya kwanza ilitoka kama sare ya shule. Mara ya pili kama bahari kwenye kalenda. Mara ya tatu aliweka ule weusi wa ncha ya kijiti, akakoroga, akapaka mstari mmoja, na ghafla akawa na miaka minane, anarudi kutoka shule na njaa yake.

Alisimama hapo na brashi inadondosha rangi juu ya kiatu. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati, akaendelea.

Saa tisa Dalali alifika, mwembamba, simu mbili, moja kila sikio. Nyuma yake akaja Baba Mkubwa na mkewe.

Baba Mkubwa alisimama mbele ya mlango.

"Hii buluu nani kakutuma?"

"Ni mimi, mzee. Wanunuzi wanapenda mlango wenye rangi."

"Paka nyeupe."

Bahati ikasimama upande wa Fundi, imevaa viatu vya ngozi ya bandia na kushika simu mbili.

"Mzee, uache," Dalali alisema. "Nyumba zenye milango myeupe ninazo kumi na moja kwenye orodha, na zote bado ziko kwenye orodha. Mteja akirudi kwake jioni atasema ile ya mlango wa buluu. Fundi huyu anajua kazi yake."

Baba Mkubwa alinung'unika, lakini hakuondoka mlangoni. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akakunja uso.

"Ajabu," alisema. "Huu mlango nimewahi kuuona. Wapi vile?"

Brashi ilisimama mkononi mwa Fundi. Baba Mkubwa alinyoosha kidole, akakaribia kuigusa rangi mbichi, na uso wake ulikuwa unaanza kufunguka kama mtu anayetaka kulikumbuka jina.

"Kwa yule daktari wa meno," Mama Mkubwa alisema nyuma yake. "Mwaka jana, ulipong'oa jino. Mlango wake ni wa buluu hivi hivi."

"Eh, kweli. Kwa daktari." Baba Mkubwa akashusha mkono, akaingia ndani akiongea na Dalali habari za bei.

Walipotoka, Mama Mkubwa alipita karibu na Fundi, mkoba kifuani, macho mbele, na alipofika usawa wake alisema kwa sauti ya mtu anayejisemea:

"Magazeti ya rafu za jikoni. Umeyakata mawimbi. Mama yako alikuwa akikata meno ya msumeno."

Akaenda zake.

Huyu mwanamke anajua. Anajua tangu jana. Na hajasema.

Anataka nini?

Hakukuwa na muda wa kujiuliza. Alichukua mkasi, akaenda jikoni, akakata meno ya msumeno.

*

Jumamosi, saa nne kasorobo, nyumba ilikuwa tayari.

Wanunuzi walikuwa mume na mke wenye duka la dawa. Mume alikuwa mtu wa kugonga kuta kwa kidole na kusikiliza. Mke alisimama katikati ya sebule, akageuka polepole, akaona kochi linalotazama barabara, akaona makopo ya maua, akaona pazia jeupe lenye upindo mwekundu linapulizwa na upepo.

"Hii ndiyo," alimwambia mumewe. "Usiniambie habari za nyingine."

Baba Mkubwa alitabasamu hadi magego yakaonekana. Karatasi za mauziano zilikuwa juu ya meza, kidau cha wino pembeni yake. "Mama yangu anaingia sasa hivi," alisema. "Ni kuweka dole tu."

Nje mlango wa gari ulifungwa. Mama Mkubwa alikuwa anamshusha Bibi.

Bibi amekonda, lakini mgongo wake umenyooka kama ubao wa kupimia. Fimbo anaishika kwa heshima ya umri tu, haimsaidii kitu. Alipanda ngazi ya kwanza, ya pili, akafika mlangoni, akasimama.

Aliuwekea mlango kiganja.

"Nani amepaka huu mlango?"

"Fundi tu, Mama," Baba Mkubwa alisema. "Ingia, wageni wanasubiri."

Bibi aliingia. Hakuwasalimia wageni, naye ni mtu wa salamu. Alilitazama kochi. Alihesabu makopo kwa kidole, na alipofikia la nne, lililobonyea, akalipapasa. Akaliendea pazia. Akainama, akaushika upindo mwekundu, akausugua katikati ya vidole viwili kama mtu anayepima unga.

"Hili ni gauni langu."

Mke wa mwenye duka alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Mama, umechoka na safari," Baba Mkubwa alisema. "Kaa, uweke dole, upumzike."

Bibi hakumsikia, au hakutaka kumsikia. Fimbo yake iligonga sakafu kuelekea jikoni. Aliziona rafu. Akafungua mlango wa nyuma. Watu wote wakamfuata kwa mstari, muuzaji, wanunuzi, dalali, kama maandamano yasiyo na bango.

Kiti cha matofali kilikuwepo, kimeelekea ukutani. Bibi alikikalia. Dalali akazizima simu zake zote mbili.

"Mkwe wangu amerudi lini?" Bibi aliuliza.

"Mkwe gani, Mama? Yule alikimbia. Umesahau?"

"Sijasahau. Nakuuliza amerudi lini. Kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani anayejua kuwa mimi hapa nakaa nikitazama ukuta."

Baba Mkubwa aligeuka kumtafuta fundi wa kumlaumu. Na fundi alikuwa amesimama mlangoni, bila barakoa, bila kofia, nywele zimefungwa nyuma, doa la chini ya sikio liko wazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sogea karibu."

Fundi alipiga magoti. Bibi alimshika kidevu, akamgeuza uso kushoto, akalitazama doa. Kiganja chake kilikuwa kikavu na chepesi.

"Wewe ni wa mwanangu."

"Ndiyo, Bibi."

"Mama, huyo ni fundi wa rangi," Baba Mkubwa alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda juu isivyo kawaida.

"Na mjukuu wangu hawezi kuwa fundi wa rangi?" Bibi hakuyatoa macho yake kwa Fundi. "Mama yako alikimbia na nani, mwanangu?"

"Hakukimbia, Bibi. Alitolewa. Aliyemtoa ni huyu hapa. Alimsomea barua, akasema imetoka kwako, kwamba yeye ndiye mkosi uliomuua mwanao."

Bibi aligeuza kichwa kumtazama mwanawe.

"Mimi niliandika barua?"

Hapo Baba Mkubwa alipaswa kuwa na jibu. Miaka kumi na tano ni mingi, mtu angeweza kutayarisha jibu. Hakuwa amelitayarisha. Mbele yake kulikuwa na wageni waliovaa nguo za kutokea, nyuma yake kulikuwa na ukuta.

"Yuko hai?" Bibi alimuuliza Fundi.

"Yuko hai. Anashona. Hilo pazia amelilalia tangu siku ile."

Bibi aliitikia kwa kichwa mara kadhaa.

"Miaka yote hii nimemlaani," alisema polepole. "Nikiamka namlaani, nikisali namlaani. Nimelitaja jina lake kwa ubaya kuliko nilivyolitaja jina la mwanangu kwa wema. Kumbe nilikuwa namlaani mtu kwa uongo ulioniletea wewe." Alimnyooshea fimbo. "Ulikuwa unakuja kula kwangu. Unanisikiliza nikimlaani, halafu unaongeza mchuzi."

Mume mwenye duka la dawa alikohoa. "Mzee, sisi tutaondoka," alimwambia Baba Mkubwa. "Nyumba ni nzuri. Lakini nyumba yenye mambo kama haya mimi sinunui."

"Ngojeni. Ni mambo madogo ya kifamilia."

"Sikuyaona madogo," mke alisema, naye macho yake yalikuwa mekundu. Wakapita mlango wa buluu, wakaenda zao. Dalali akawafuata mbio akiita.

Fundi alisimama. Yale maneno aliyoyapanga miaka yote, marefu, makali, yalikuwa yamepotea. Lilibaki moja tu.

"Umenijua sasa, Baba Mkubwa?"

Na Baba Mkubwa akamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu Fundi azaliwe, mtu huyu alimtazama usoni, machoni, doani, kisha akarudi nyuma hatua moja. Mgongo wake ukagusa ukuta.

Msomaji, siwezi kukudanganya kwamba Fundi aliona huruma. Ilikuwa tamu. Aliishikilia ile sekunde kama mtoto anavyoshikilia peremende mdomoni isiishe.

Lakini mtu aliyekabwa haachi kupigana. Baba Mkubwa alikimbilia sebuleni, akarudi na karatasi mkono mmoja na kidau cha wino mkono mwingine.

"Mama, tutayazungumza yote nyumbani. Nitaomba msamaha nyumbani. Wanunuzi watapatikana wengine. Weka dole hapa kwanza, mimi ni mwanao."

Bibi alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Dole gani tena? Si niliweka mwezi uliopita?"

"Mwezi uliopita? Uliweka wapi?"

"Kwenye ile karatasi uliyomtuma mkeo. Alikuja peke yake, akasema ni ya kodi ya kiwanja. Alinishika kidole mwenyewe, akakikandamiza vizuri, akanifuta wino."



"Mimi sikumtuma," Baba Mkubwa alisema.

Watu watatu waligeuka kwa pamoja kuelekea mlango wa jikoni. Mama Mkubwa alikuwa amesimama pale, na kati ya wote waliokuwa uani, uso wake ndio pekee usiokuwa na mshangao. Mkoba ulikuwa wazi. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara moja, mhuri mwekundu unaonekana pembeni, na chini yake alama ya dole, nyeusi, imekaa sawasawa.

"Umefanya nini, mwanamke?" Baba Mkubwa aliuliza.

Mama Mkubwa hata hakumtazama. Alishuka kijingazi cha jikoni, akampita mumewe kama anavyopitwa mtu kwenye foleni ya benki, akasimama mbele ya Fundi na kumnyooshea kiganja.

"Umeipamba vizuri, mwanangu," alisema kwa upole. "Umenifukuzia na wanunuzi. Sasa nipe funguo za nyumba yangu."